Kilichobaki nje ya kioo

Ugomvi wa kwanza kuusuluhisha katika kituo cha wazee ninachofanyia kazi, hapa New Jersey, ulikuwa juu ya wimbo ulioimbwa runingani tarehe 6 Juni 1982, usiku wa Tuzo za Tony, tuzo za tamthilia za Broadway, yaani kumbi kubwa za New York. Ilikuwa saa nne usiku. Waliotaka kulala nimeshawalaza, nimekaa najaza daftari la zamu, mara nasikia sebuleni mtu anapiga mkono wa kiti cha magurudumu, pa, pa, pa, kama anabisha hodi. Kwenda kutazama, namkuta bibi wa chumba namba 12 na babu wa chumba namba 7 wananyang'anyana rimoti. Kwenye runinga yuko msichana mweusi mwenye mwili, kainama mbele kama aliyeshikwa na tumbo, mdomo wazi. Bibi anataka sauti iongezwe. Babu anataka stesheni ibadilishwe.

"Anapiga kelele tu huyu," babu anasema.

"Anaachwa!" bibi akamjibu. "Wewe ukiachwa unanong'ona?"

Nikaichukua rimoti nikaikalia. Nikawaambia tuangalie mpaka mwisho, kisha babu apate besiboli yake. Nilidhani nazima ugomvi wa usiku mmoja. Kumbe nimejitia katika ugomvi ambao watu wanaupigana kwa zaidi ya miaka arobaini, na sasa na mimi nina upande wangu.

Msichana yule ni Jennifer Holliday, na siku ile alikuwa na miaka 21. Anacheza nafasi ya Effie katika Dreamgirls, tamthilia ya muziki iliyofunguliwa Broadway Desemba 1981, mwongozaji akiwa Michael Bennett. Kisa chenyewe mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mara mbili. Wasichana watatu wana kundi la kuimba, na Effie ndiye mwenye sauti. Anakuja meneja, Curtis, anakuwa mpenzi wake. Kisha anamwondoa mbele ya maikrofoni na kumweka mwenziwe mwembamba anayependeza machoni. Kisha anamtoa kwenye kundi, na moyoni alikwisha kumtoa zamani. Effie anabaki naye uso kwa uso na kumwambia kwamba yeye haendi popote. Wimbo mzima ni hayo tu: siendi. Kwetu Tanga angeitwa king'ang'anizi, na mawifi wangemtungia mpasho.

Ila mimi nimekulia katika nyumba iliyokuwa ikipigwa kanda za Shakila na Black Star, na mwimbaji wa taarabu niliyemzoea husimama kama mlingoti. Leso mkononi, uso umetulia, maneno ndiyo yanayochoma. Holliday anafanya kinyume chake. Ananguruma, anameza hewa kwa kishindo, anajikunja, anajikunjua. Sauti inatoka kifuani kama anang'oa kisiki. Mara ya kwanza, niseme kweli, nilikuwa upande wa babu.

Mashabiki wa tamthilia hizi, nimekuja kugundua, hawana tofauti na watu wa Simba na Yanga. Kila mmoja ana klipu yake ya mwaka fulani anayoiapia, na akikutana na mwenye klipu nyingine hapakaliki. Juu ya hii ya Effie nimewasikia wa kila aina. Wako vijana waliofika kwake kupitia filamu ya mwaka 2006, ambamo Jennifer Hudson aliichukua nafasi hiyo na kuondoka na Oscar. Hao wakirudi nyuma kumtazama Jennifer wa kwanza hushtuka; wanasema katia chumvi mno, mbona anatisha. Wako walioikuta runingani usiku ule ule, watoto wadogo wa miji ambayo Broadway haifiki, na kwao ni muujiza usioguswa. Halafu wako wachache kama bibi wa chumba namba 12, waliokaa ukumbini. Hao ndio wagumu. Kwao klipu ni kama picha ya pasipoti ya ndugu yao: ni yeye, na siye.

Bibi anasema alikwenda na dada yake mwaka ule ule, wakakaa juu, na kwamba wimbo ulipokwisha dada yake alikuwa amemfinya mkono mpaka ukavilia damu. Nimeshausikia huo mkono mara nyingi. Kila akisimulia, alama inazidi kukaa: siku tatu, wiki, karibuni itafika mwezi.

Jambo moja alilonifundisha bibi, na ambalo sijaona likipewa uzito wake, ni la ukumbi. Mwaka ule sherehe za Tuzo za Tony zilifanyika ukumbi wa Imperial, na Dreamgirls yenyewe ilikuwa ikichezwa Imperial. Kwa hiyo Holliday hakupelekwa kokote kwenda kuonyeshwa. Alisimama pale pale anaposimama kila siku, sakafu ile ile, umbali ule ule kutoka viti vya mbele, na kamera ndizo zilizomfuata kwake. Ni ukumbi wa watu elfu moja na mia nne hivi. Tamthilia ya A Chorus Line nayo ilipata bahati hiyo mwaka 1976: sherehe zilifanyika ukumbi wa Shubert, ilikokuwa ikichezwa, na wachezaji wakafungua usiku ule kwa ule wimbo wao wa kuomba kazi. Kuanzia mwaka 1997 Tuzo zikahamia Radio City, ukumbi wa viti karibu elfu sita. Hapo kila tamthilia inafika mgeni, na mandhari yake iliyopunguzwa. Mtu akilalamika kwamba klipu za zamani zina moto na za baadaye zimepoa, mimi husema atazame kwanza imechezwa wapi kabla ya kuwalaumu waimbaji.

Usiku ule wa 1982 Holliday alipata tuzo yake ya mwigizaji bora wa kike wa tamthilia ya muziki. Tuzo kubwa ya tamthilia yenyewe ilikwenda kwa Nine. Bibi hajasamehe mpaka leo.

Babu ana dini nyingine. Yeye ni wa mji wa machimbo ya makaa ya mawe huko Pennsylvania, na ukumbi wa Broadway hakuwahi kuukanyaga mpaka akawa mtu mzima. Elimu yake yote ilitoka kwenye kipindi cha Ed Sullivan, Jumapili saa mbili usiku, nyumba nzima imekaa mbele ya runinga moja. Kipindi hicho kilirushwa na runinga ya CBS kuanzia 1948 hadi 1971, na ndani yake ungemkuta mchezesha sokwe, halafu mchekeshaji, halafu ghafla kipande cha tamthilia ya Broadway chenye wachezaji wake wenyewe. Babu anasema ndiyo maana hampendi Effie. Waliomfunza yeye walisimama wima na kuimba kama wanaongea na wewe jikoni kwako.

Klipu anayoiapia ni ya Machi 1961, Julie Andrews na Richard Burton wakiwa na vipande vya tamthilia ya Camelot. Kisa cha klipu hii wapenzi wote wa Broadway wanakijua, na mimi nakipenda kwa sababu ya biashara iliyomo. Camelot ilifunguliwa Desemba 1960 na haikuwa ikienda vizuri. Watu walikuja wakitegemea tamthilia nyingine kama My Fair Lady, kwani watunzi ni wale wale, Lerner na Loewe, wakatoka wamenuna. Sullivan akawapa watunzi hao saa nzima kuadhimisha miaka mitano ya My Fair Lady. Wao wakaona wasipoteze nafasi, wakapenyeza nyimbo za Camelot humo. Kesho yake asubuhi palikuwa na foleni nje ya ukumbi wa Majestic ya watu wanaotaka tiketi. Dakika chache za runinga zikaokoa tamthilia ambayo magazeti yalishindwa kuiokoa.

Kwa hiyo anayesema kwamba runinga inaiharibu Broadway, babu humuuliza foleni ile ililetwa na nani.

Na hajakosea. Tuzo za Tony zilianza mwaka 1947 kama hafla ya chakula hotelini, mambo ya wenyewe kwa wenyewe. Zilipoingia runinga ya taifa zima mwaka 1967 ndipo zikawa soko. Mwaka ule Joel Grey aliimba wimbo wa kufungulia Cabaret, na watu wa Ohio na Nebraska wakaona kitu ambacho hawangeweza kukifuata New York. Tangu hapo maprodyuza wanajua kwamba usiku ule tuzo ni kisingizio, kinachouzwa ni vile vipande. Aliyeielewa biashara hiyo kuliko wote ni Bob Fosse, mwongozaji na mtunga dansi. Tamthilia yake ya Pippin ilipoanza kupungukiwa na watu, ilitengenezewa tangazo la dakika moja: Ben Vereen na wachezaji wawili, kofia, mabega, vidole, hakuna zaidi. Mwishoni sauti inasema kwamba dakika nyingine 119 utaziona Imperial, bila matangazo. Basi. Pippin ilikuja kuchezwa mara 1,944. (Imperial tena, ndiyo. Ningekuwa na pesa ningepanga chumba karibu na ukumbi ule.)

Tangazo lile nalipendea jambo jingine. Fosse aliijua kamera. Mwaka 1973 alipata Oscar, Tony na Emmy kwa pamoja, yaani sinema, jukwaa na runinga, na hakuna mwongozaji mwingine aliyefanya hivyo katika mwaka mmoja. Ukiangalia dakika ile, kamera inajua lini ikae mbali uone miili mitatu ikienda kama mmoja. Wengi wa waliopewa kamera usiku wa Tuzo hawalijui hilo. Dansi iko miguuni, wao wanakuonyesha pua. Nimemwona bibi akirusha mto kwenye runinga kwa sababu hiyo. "Miguu! Tuonyeshe miguu!" Hapo babu na bibi huwa kitu kimoja, na mimi huokota mto.

The Lion King imetuletea mjadala wa namna yake. Wazee hawa wamejiaminisha kwamba naijua lugha ya Lion King. Ule mwito wa mwanzo ukipigwa, wananigeukia wote: mwanangu, anasema nini? Nimeeleza mara nyingi kwamba ni Kizulu, na kuniuliza mimi ni sawa na kumuuliza Mtaliano maana ya maneno ya Kireno. Hawataki. Naruhusiwa kusema kwamba simba ni simba, na rafiki ni rafiki, basi wanaridhika, wananiona mtaalamu. Hakuna matata nimeshawaambia kwamba Tanga hatusemi, twasema hamna neno. Hilo pia hawakutaka kulisikia.

Ila klipu ya Tuzo za 1998, mwaka ambao Lion King ilishinda tamthilia bora na Julie Taymor akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya uongozaji wa tamthilia ya muziki, inanionyesha mpaka wa runinga kuliko nyingine yoyote. Nguvu ya wimbo ule wa kwanza ni kwamba wanyama wanatokea nyuma yako. Umekaa unatazama mbele, kumbe ndovu anapita kwenye ujia kando ya bega lako, na wewe ndiye uliyemo ndani ya mbuga. Kioo cha runinga hakina nyuma. Kamera ikimwonyesha twiga, umekosa ndege. Ikirudi kwa ndege, twiga keshapita. Wanaosema kwamba klipu ile imewatoa machozi nawaamini. Lakini wamelizwa na kitu kingine.

Mama yangu, aliyekuwa akienda kwenye taarabu na kutunza mpaka nauli ya kurudia inaisha, alikuwa na neno lake: taarabu ya redioni haina jasho. Nilimdharau kwa hilo, kwa sababu mimi redio ndiyo niliyokuwa nayo.

Nilimkumbuka siku nilipoingia Broadway kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimebeba boksi miaka sita bila kuvuka mto Hudson kwa starehe. Nikanunua tiketi ya bei ya chini kabisa, ambayo hata hivyo ilikula mshahara wa siku mbili, nikapanda ngazi, nikapanda tena, nikafika mahali ambapo kichwa karibu kiguse dari. Mbele yangu kakaa bwana mwenye mabega ya mchukuzi wa bandarini. Jukwaa lilikuwa chini huko kama sinia, na watu juu yake kama punje. Nyuso sikuziona. Nusu saa ya kwanza nilijilaumu: hela yangu ingenunua runinga. Nilitamani kamera ije inisogezee.

Kisha mama mmoja wa chini kule, ambaye uso wake mpaka leo siujui, alianza kuimba na kupanua mikono kwa namna ambayo ingemchekesha mtu aliyekaa karibu. Kule juu ilifika ikiwa ndogo na safi, kiasi chake hasa. Nikaona mgongo wa yule bwana mwenye mabega umetulia. Nikaelewa lile bega la Effie, ile mikono, ule mdomo. Ile kazi ilipimwa kwa ajili ya mtu wa kiti changu. Kamera ilipomsogelea Holliday mpaka shubiri moja, ilimletea babu sebuleni kitu kilichotengenezwa kuruka ghorofa mbili. Si ajabu alisikia kelele.

Niliporudi kazini nikamweleza bibi. Akasema, "Nilikwambia." Hakuwa amewahi kuniambia hivyo, lakini nikamwachia.

Hata hivyo sitaki kuwapa ushindi wote wa ukumbini, kwa sababu kumbukumbu zao nazo zina matundu. Mfano ni tamthilia ya Peter Pan. Machi 1955 runinga ya NBC iliirusha moja kwa moja kutoka studio, Mary Martin akiruka kwa waya, na inakadiriwa watu milioni 65 waliitazama. Bibi alikuwa mtoto, na anakumbuka nguo ya kijani. Anaapa. Matangazo yale yalikuwa ya rangi kweli, lakini nyumba chache mno zilikuwa na runinga ya rangi mwaka ule, na kilichohifadhiwa ni cheusi na cheupe, filamu iliyopigwa kwa kuielekeza kamera kwenye kioo cha runinga. Rangi tunayoiona leo ni ya 1960, walipoichezea upya kwenye mkanda wa video, ambao ukarushwa tena na tena miaka iliyofuata. Nilimuuliza kwa upole kama kwao walikuwa na runinga ya rangi. Akanyamaza. Akasema baba yake alikuwa dereva wa lori. Halafu akasema, "Lakini ilikuwa ya kijani."

Mashabiki wenyewe wamegawanyika juu ya Peter Pan hizo mbili. Wa 1955 wanasema ile ya kwanza ina hofu ya kitu kinachotendeka sasa hivi, waya unaweza kukatika. Wa 1960 wanataka rangi na usafi. Mimi nimechagua ya kwanza, pamoja na ukungu wake.

Maktaba ya New York pale Lincoln Center imekuwa ikirekodi tamthilia nzima nzima tangu mwaka 1970, lakini huruhusiwi kutoka nazo. Utaingia kwa sababu maalumu, utatazama mle mle, utaondoka mikono mitupu. Hamilton iliporekodiwa na kuwekwa mtandaoni Julai 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani, wengi waliona tamthilia nzima yenye wachezaji wake wa awali kwa mara ya kwanza maishani. Kwa nyingi za zamani hilo halipo. Kuna kipande cha Tuzo, kipande cha Sullivan, tangazo la dakika moja. Ndiyo maana watu wanavipigania hivyo. Gwen Verdon na Chita Rivera walipocheza dansi ya mwisho wa tamthilia ya Chicago katika kipindi cha mchana cha Mike Douglas mwaka 1975, hakuna aliyejua kwamba wapenzi wa dansi wangekuwa wakiikodolea macho klipu ile mpaka leo, wakihesabu vifundo vya miguu. Tamthilia yenyewe mwaka uliofuata iliteuliwa kuwania tuzo 11 na haikupata hata moja, A Chorus Line ilizoa.

Wiki iliyopita bibi aliniomba tena Effie. Babu alikuwepo, hakugomba. Siku hizi anasema anangojea tu iishe. Safari hii bibi akaniambia nizime sauti. Nikashangaa, maana sauti ndiyo kila kitu pale. Nikazima. Tukamtazama Holliday akijikunja kimya kimya, mdomo ukifunguka na kufunga.

"Watu wote wanamwangalia yeye," bibi akasema. "Kamera inamwangalia yeye. Mimi usiku ule nilikuwa namwangalia yule mwanaume."

Nikasema mwanaume haonekani hapo.

"Najua haonekani." Akanyoosha mkono, kidole kikapita ukingo wa runinga, kikasimama ukutani, kati ya kalenda na kabati la blanketi. "Alikuwa kasimama hapo. Subiri. Subiri... Hapo. Hapo ndipo alipotazama mlango."

Babu naye akageuka kuutazama ukuta.